Shada la Mlango wa Mbele

Elk Hollow, North Carolina
14 Septemba 2016

Bi Ardis,

Sijaandika barua ya maana tangu nilipotoka jeshini, kwa hiyo ukiona mistari inapanda, ujue mwandishi kazaliwa mlimani na hajui kwenda tambarare.

Siku ya mwisho ya mkutano wetu wa wakulima wa miti ya Krismasi kule Pennsylvania nilikuahidi barua. Ukacheka, ukasema wanaume wa Kusini huahidi kama wanavyosalimia. Basi hii hapa. Ningepiga simu, lakini masikio yangu yameliwa na msumeno wa mashine miaka mingi, na kwenye simu kila mtu anasikika kama kuku aliyefunikwa kwa ndoo. Juzi mchungaji alinipigia aniombee, nikamwambia sinunui kitu.

Ile lenzi niliyokuazima mkutanoni usinirudishie. Yako nimeiona kwa macho yangu ikizama kwenye tope la maonyesho, na mkulima wa misonobari asiye na lenzi shingoni anatembea shambani kama mtalii. Ilikuwa ya baba yangu. Aliitumia kutazamia utitiri na vidukari enzi ambazo majirani zake walikuwa wakitazama mti ulionyauka, wanashika kiuno, wanasema, "Basi tena." Kioo chake hakina mwenzake. Mimi nimejinunulia nyingine mjini, ya plastiki, inanitosha.

Kuhusu mashindano, ni kweli mti wako ulishika nafasi ya pili na wangu ya tatu. Huku nimewaeleza watu kwamba waamuzi walikuwa na njaa.

Eusebio, msimamizi wa wafanyakazi wangu, ananichokoza kila asubuhi. "Bosi, tangu urudi kutoka Pennsylvania unapiga mluzi. Kuna nini?" Nimemwambia ni meno mapya. Kacheka mpaka kaweka mkasi chini.

Niambie nyumba yako inafananaje. Nikikuandikia napenda nijue nakuwaza umekaa wapi.

Wako wa nafasi ya tatu,
Doyle Presnell


Vang, Wisconsin
2 Oktoba 2016

Bwana Nafasi ya Tatu,

Waamuzi walikuwa wameshiba. Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni ya chakula.

Barua yako imenikuta nikiwa na utomvu wa misonobari mpaka kwenye viwiko, nikalazimika kuifungua kwa meno. Mwanangu Nels akauliza, "Mama, nani huyo anakuandikia kwa penseli?" Nikamwambia ni mkulima mwenzangu. Akasema, "Haya, mkulima mwenzako," kwa sauti ambayo ningekuwa na fimbo karibu ningemchapa, ingawa ana umri wa miaka arobaini.

Lenzi yako imeshafanya kazi. Kwenye kipande chetu cha kaskazini, ambako umande haukauki mpaka adhuhuri, majani ya ndani yalianza kuwa ya kahawia, ukitikisa tawi yanamwagika chini. Nels alidhani ni ukame. Nikayageuza majani, nikaona upande wa chini vidoa vyeusi vimejipanga mstari mmoja ulionyooka kama mshono wa cherehani. Ni ukungu. Tumekata matawi ya chini ili upepo upite, na mwakani tutapulizia dawa mapema. Siku hizi mimi hugeuza kila kitu. Juzi nimejikuta nageuza jani la saladi mezani kwa mchungaji.

Nyumba yangu ni nyeupe, imesimama juu kidogo ya barabara kuu, nayo ina mlango wa mbele ambao hakuna anayeupita. Huku kwetu watu wote huingia kwa jikoni, hata mkaguzi wa serikali, na kila mmoja anapewa kahawa kabla hajavua kofia. Mlango wa mbele ulifunguliwa mara ya mwisho siku ya kumtoa marehemu mume wangu Arnold, kwa sababu jeneza lisingeweza kukata kona ya jikoni. Tangu hapo mbao zimevimba, nami sikumwomba mtu yeyote aupige randa. Nimezoea kuupita kama ukuta.

Sasa unajua. Ukiniwaza, niwaze jikoni.

Ardis Tollefson


Elk Hollow
13 Novemba 2016

Bi Ardis,

Tumo katikati ya mavuno, na hapa hatujui jina la siku. Miti inakatwa, inaburutwa, inapita kwenye mashine ya kuifunga kwa nyavu, inarushwa kwenye lori. Mgongo wangu umeacha kunisalimia. Binamu yangu Roby, ambaye huendesha lori letu la kwenda Minneapolis, anasema nimezeeka. Yeye mwenyewe hupanda kwenye kiti chake kwa kigoda.

Jambo moja linaninyima raha. Shamba langu la chini, lile la kando ya kijito, linageuka manjano. Kiangazi chote mvua haikukatika, na msonobari wetu wa huku unachukia miguu yake kulowa. Nimechimba mizizi ya mti mmoja nikaikuta imeoza kweli, na nilipokwangua gome pale chini kwa kisu, ndani palikuwa na rangi ya mdalasini. Basi, ni ule ukungu wa kwenye udongo. Ukishaingia mahali hautoki, na unasafiri kwa tope la buti. Majira ya kuchipua yakifika nitachimba mifereji, na itakayokufa ife.

Sasa nisikilize, na usicheke kabla sijamaliza.

Kwetu akina Presnell mwanamume hapigi magoti. Anatengeneza shada la matawi kwa mikono yake, analipeleka kwa mwanamke wakati wa Krismasi, halafu ananyamaza. Mwanamke akilitundika kwenye mlango wa mbele, ni ndiyo. Akilitundika mlango wa nyuma au ndani ya nyumba, ni asante sana. Hakuna anayeaibika kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Baba yangu alimpelekea mama hivyo hivyo. Mimi nilimpelekea marehemu mke wangu Wilma, naye akaliacha juu ya uzio kwanza, linyeshewe, ili nipate adabu, ndipo akalitundika.

Utaratibu nimeshauharibu kwa kukueleza, lakini wewe ni Mlutheri wa Wisconsin, ungedhani ni pambo tu.

Kwa hiyo limo ndani ya boksi litakalofuata barua hii. Matawi nimeyakata kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yangu, chini ya ile miti mikubwa ya hemloki aliyoipanda mama. Upo kivulini, na hakuna mti wangu mwingine wenye kijani kizito namna ile. Sikutaka kukupa tawi la kawaida. Pete ya waya nimeikunja mwenyewe, nami hutumia mkono wa kushoto, ndiyo maana ncha zake zimejikunja kinyume na za watu.

Ukilitundika mbele, nitakuja Pasaka, tukae tuangaliane, tuone kama watu wazima wawili wanaweza kugawana mwaka baina ya milima yangu na theluji yako. Ukilitundika nyuma, nitaendelea kukuandikia habari za utitiri, na sitanuna.

Sasa nanyamaza.

Doyle


Vang
4 Desemba 2016

Mpendwa Doyle,

Boksi limefika salama. Nilipolifungua, jikoni pote pakanukia mlima wako, na Nels akaja kuuliza kama nimemwaga kitu. Sijawahi kuona shada lililofungwa kwa uangalifu kama ule. Asante. Naandika asante hii nikiwa na maana yake yote.

Theluji imefika magotini. Wateja wanakuja na watoto wao kukata miti wenyewe, na wote wanachagua ule ulio mbali kabisa halafu wanataka tuwabebee.

Nimekuwa nikiliwaza shamba lako la chini. Una hakika ni mizizi peke yake? Majani yake umeyatazama upande wa chini? Nauliza tu. Unajua ugonjwa wangu wa kugeuza vitu.

Jitunze mgongo. Nitaandika tena baada ya sikukuu.

Ardis


Vang
4 Desemba 2016

Dada yangu Inga,

Najua huko kwenye nyumba ya wazee simu ipo ukumbini na mabibi wote wanatega masikio, kwa hiyo soma hii ukiwa chumbani, kisha uifiche chini ya soksi.

Yule Doyle niliyekusimulia ameniposa. Kaniomba kwa shada, kwa desturi ya kwao. Nikilitundika mlango wa mbele ni ndiyo.

Inga, nilikuwa nimeshaamua. Boksi lilipofika nilikuwa nimeshamtuma Nels apasue barafu kwenye ngazi za mbele. Akaniuliza, "Za mbele? Mama, kule anapita nani?" Nikamwambia apasue tu, maswali baadaye. Nyundo ilikuwa mezani, msumari mdomoni. Nikalibeba shada mpaka dirishani, si kwa kulikagua, nilitaka tu nione vizuri alivyofunga vifundo vyake. Nikalishika kwenye mwanga, nikageuza tawi moja. Na unajua shingoni nina nini.

Walikuwa wadudu magamba. Upande wa chini wa majani umejaa, vigamba vya kahawia virefu kama punje ndogo ndogo za mchele, na kati yake unga mweupe kama pamba. Nikageuza tawi la pili, na la tatu. Wote wanafyonza, na majike wana mayai. Huku kwetu mdudu huyo hatunaye. Hatua chache kutoka mlango wa mbele ndipo linapoanza shamba lote la Nels, kila kitu alichonacho mtoto yule.

Nililipeleka nyuma, kwenye pipa la kuchomea takataka, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Nilisimama pale kwenye theluji mpaka likaisha. Nililia, Inga, kama siku ya Arnold, na hata siku ile sikulia kwa sauti. Nels alinikuta. Nikamwambia moshi umeniingia machoni, naye akanitazama, akanivisha kofia yake, akaondoka.

Doyle hakujua. Kioo kizuri ndicho alichonipa mimi, yeye akabaki na cha plastiki. Na anadhani shamba lake linakufa kwa kuoza mizizi. Nikimwambia, nitakuwa nimempiga mahali pabaya kuliko pote, maana kwa watu kama sisi mtu akikwambia mti wako una mdudu ni kama amekwambia mtoto wako ana chawa, tena mbele ya kanisa zima. Na yeye hakuniuzia mti. Alinipa moyo wake. Nisipomwambia, wale wadudu watamlia shamba huku nikimwandikia habari za hali ya hewa.

Leo nimemwandikia nikamshukuru, sikugusa habari ya mlango. Nimekuwa mwoga. Niambie nifanye nini, lakini usimshirikishe Bi Hazel wa chumba cha pili.

Mdogo wako,
Ardis


Elk Hollow
21 Desemba 2016

Bi Tollefson,

Binamu yangu Roby amerudi jana kutoka Minneapolis. Sikumtuma, naapa, lakini barabara inapita chini ya nyumba yako, naye ana macho. Nilimkuta jikoni kwangu anakula mikate midogo kwa mchuzi, hataki kuinua uso. Nikamwambia, "Sema." Akasema, "Doyle, nyumba nimeiona. Nyeupe, nzuri. Mlango wa mbele mtupu." Nikamuuliza, "Na wa nyuma?" Akasema, "Nilizunguka mpaka kwenye njia ya shamba, bwana. Nako mtupu."

Niliahidi kutonuna, na sinuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mbele na nimejiandaa kwa nyuma. Sikujiandaa kwa kutokuwepo kabisa, lakini hilo ni kosa langu, kwa kuwa sikulitaja kwenye sheria.

Uliniuliza kama nimetazama majani upande wa chini. Nimelima misonobari tangu nikiwa mfupi kuliko jembe, Bi Tollefson, na mti ukioza miguu hakuna haja ya kuutazama kwapani. Samahani. Maneno hayo yametoka makali kuliko nilivyotaka, na sina karatasi nyingine nyumbani.

Shamba la chini limezidi kuwa manjano, lakini si hasara yote. Akina mama wa kanisani wameomba matawi ya kupambia, na majirani wawili wamechukua mizigo wazoeze mikono kwa ajili ya mashada ya mwakani. Nimewaambia wachukue tu. Ukungu uko kwenye udongo, matawi hayana neno.

Nakutakia Krismasi njema pamoja na Nels.

D. Presnell


Vang
28 Desemba 2016

Doyle,

Posta wamenichelewesha, nimepata barua yako leo, na naandika nikiwa nimesimama, maana kwenye simu ungeniambia hununui kitu.

Waendee majirani zako wote waliochukua matawi. Wayachome leo hii. Akina mama wa kanisani pia. Wasiyatupe nyuma ya nyumba, wayachome.

Shada lako lilikuwa na wadudu magamba. Si mmoja wala wawili. Niliwaona kwa lenzi ya baba yako, kila jani, upande wa chini. Nililichoma kwenye pipa siku ile boksi lilipofika. Kisha nikakaa mezani nikakuandikia barua nzuri, nikakuacha upange kuchimba mifereji. Nilijiambia nakutunzia heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu aliyekuletea habari hiyo.

Sidhani mizizi ndiyo inayoua shamba lote. Mti mmoja uliochimba ulikuwa na ukungu, sawa, nakuamini. Lakini nenda na tawi lolote la manjano mpaka dirishani, ugeuze jani. Usitumie kile kioo cha plastiki. Ninakurudishia lenzi ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kitambaa. Na hemloki za mama yako, Doyle, zitazame hizo kwanza. Mdudu huyu anapenda hemloki kuliko chochote, na matawi yangu uliyakata chini yake.

Kuhusu mlango wa mbele, Nels alikuwa ameshapasua barafu kwenye ngazi. Nyundo ilikuwa mezani. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu desturi yako inataka mtu atundike, haitaki aeleze, nami sina tena cha kutundika.

Nikasirikie ukitaka. Lakini geuza jani kwanza.

Ardis


Elk Hollow
20 Februari 2017

Bi Ardis,

Nimekaa kimya muda mrefu, na utakuwa umenidhania mambo. Ngoja nieleze.

Barua yako niliisomea kwenye sanduku la posta, barabarani. Nikapanda pikapu nikaenda kwa majirani kabla hata sijaingia ndani. Mmoja alikuwa bado ameyarundika matawi ghalani, yuleyule ambaye mimi nimemhubiria miaka yote habari ya kusafisha buti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Doyle, basi na wewe ni binadamu." Tukawasha moto pamoja. Kanisani walikuwa wameshayachoma, kwa bahati, maana matawi humpa mchungaji mafua.

Halafu nikaenda nyuma ya nyumba na lenzi ya baba. Ni kama ulivyosema. Hemloki za mama zilikuwa nyeupe chini ya majani kama zimenyunyiziwa unga. Nilikuwa nakaa chini yake kila jioni na kahawa yangu, nikisema jinsi zilivyo nzuri, na wadudu juu ya kichwa changu wanakula. Eusebio alikuja akasimama nami. Nikampa lenzi. Akatazama, akavua kofia. Akasema, "Tuzikate, bosi, au nikate mimi ukiwa umeenda mjini?" Nikamwambia nitakuwepo. Tulizikata wiki ile. Jikoni kwangu sasa kuna mwanga mwingi, na sijauzoea.

Nimemwita mkaguzi mwenyewe, sikusubiri anikute. Ametembea shamba zima. Ukungu wa mizizi upo kwenye kona ya kijito tu, pale pale nilipochimba. Nilichimba mti mmoja mbaya, nikauamini. Hayo mengine yote ni magamba. Miti iliyozidiwa tumeikata na kuichoma. Iliyobaki tutaipulizia dawa watoto wa wadudu wakianza kutambaa, mwezi wa tano. Anasema nimewahi. Anasema ningesubiri mifereji yangu mpaka kiangazi, ningepoteza mpaka shamba la juu. Nilimwambia sikuwahi mimi, kuna mtu aliyeniwahisha.

Sikukasirika, Ardis. Siku ya kwanza niliona aibu, na aibu ya mzee inafanana sana na hasira, ndiyo maana sikushika penseli. Nilikutumia kitu bora nilichokuwa nacho, na kumbe nilikuwa nakutumia tauni kwenye shamba la mwanao. Ukalibeba shada nyuma peke yako kwenye baridi, ukalichoma, ukaniandikia asante. Wilma angekupenda. Angekuambia unipige kidogo.

Mkaguzi ameweka karatasi kwenye lango. Hakuna tawi bichi litakalotoka Elk Hollow mpaka atakaporidhika, na hatakuwa na haraka. Kwa hiyo siwezi kukutengenezea shada lingine, si mwaka huu, labda si mwakani, na kwa umri wetu sipendi kusema labda. Nami sitakuuliza kwa njia nyingine. Mtu aliyeshindwa kutazama chini ya jani hana haki ya kumharakisha mtu. Nels ana haki ya kutotaka buti zangu zikanyage kwake.

Lenzi naituma tena. Inajua kwako kuliko kwangu, na nimeagiza nyingine, ya kioo safari hii.

Nafurahi ngazi zilipasuliwa barafu. Nimeusoma mstari ule mara nyingi.

Doyle


Vang
3 Aprili 2017

Doyle,

Theluji imeondoka wiki iliyopita, yote kwa pamoja, na uwanja wa nyuma ni tope tupu. Nels alilipindua pipa la kuchomea ili amwage majivu. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikasikia, "Mama! Hiki nacho ni nini?"

Ilikuwa pete ya waya. Nyeusi, imepinda kidogo upande mmoja, lakini nzima. Ncha zake zimejikunja kinyume na za watu.

Nilifikiri moto ulikuwa umemaliza kila kitu. Niliondoka pale bila kutazama chini ya majivu, mimi, mtu wa kugeuza saladi ya mchungaji. Imelala humo majira yote ya baridi chini ya dirisha langu. Niliisugua kwa mchanga, nikaitazama pande zote kwa lenzi ya baba yako, maana sikuamini macho matupu, na haina hata doa. Hakuna mkaguzi duniani atakayeikataa, ilipita motoni.

Nikaenda kwenye kipande cha kaskazini, kile nilichokiokoa na ukungu, nikakata matawi ya mti wangu mzuri kuliko yote. Ule wa nafasi ya pili ulishauzwa, lakini huu ni ndugu yake. Nimefunga kwa pete yako. Vifundo vyangu si vizuri kama vyako, kwa hiyo ukifika usivitazame sana. Mimi ni Mlutheri wa Wisconsin, sijui sheria zenu zote, lakini nadhani mikono yako imo na mikono yangu imo, na sheria ikikataa hilo basi sheria ina kasoro.

Mlango ulikataa kufunguka. Nels alipiga randa, akasukuma kwa bega, akapiga teke mara moja alipodhani simwoni. Halafu akaacha, akanigeukia. Akasema, "Mama, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akasema, "Huyo mkulima mwenzako, buti zake zitaoshwa?" Nikamwambia zitaoshwa. Akarudi kwenye mlango, akasukuma, ukafunguka kwa mlio mkubwa mpaka kunguru wakaruka kwenye ghala. Upepo ukaingia sebuleni, ukapeperusha mapazia ambayo hayajawahi kupeperuka tangu Arnold. Nilikaa kwenye kiti nikalia kidogo, na Nels akasimama hapo na randa yake. Ni mtoto mzuri. Utampenda.

Msumari niliupiga mwenyewe.

Pasaka imebakiza wiki mbili. Buti zako ziache kwenu mlimani, usije nazo hata zikiwa safi. Niandikie saizi ya mguu wako, kuna jozi mpya ya buti itakuwa inakungoja kwenye ngazi. Mwambie Roby akikuleta aendeshe polepole pale chini ya nyumba, atazame vizuri safari hii.

Na ukifika, usipite jikoni.

Ardis